Mizani ya Mashine, Sauti ya Mtu

Malenga wenzangu, mjadala wa vina na mizani tumeurithi, na kila kizazi huuamsha upya. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, tumezoea kugawana kambi mbili: wanaosema shairi bila mizani ni mwili bila mifupa, na wanaosema mizani ni pingu mguuni mwa fikra. Nimeufundisha mjadala huu katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Wala sikudhani kwamba nitakutana nao tena, katika ustaafu wangu, ndani ya santuri ya mwanamke wa Kiingereza.

Santuri yenyewe ni Central Reservation ya Beth Orton, iliyotoka mwaka 1999. Niliisikiliza mwaka huu kwa mara ya kwanza, baada ya binti wa kaka yangu kuniwekea kwenye simu na kuniasa: “Shangazi, usianze kwa kutafsiri maneno. Anza kwa kusikiliza nani anahesabu.” Nasaha hiyo ilinifaa kuliko maelezo yoyote.

Beth Orton alizaliwa Norfolk, mashariki ya Uingereza, mwaka 1970. Mtindo wake ni mseto: nyimbo za gitaa zenye asili ya muziki wa kienyeji wa Waingereza na Wamarekani, zikiwekwa juu ya midundo iliyotengenezwa kwa kompyuta. Kabla ya kujulikana kwa jina lake alishirikiana na William Orbit na kundi la Chemical Brothers, watu wa muziki wa mashine na kumbi za dansi. Ndipo mwaka 1996 akatoa Trailer Park, na miaka mitatu baadaye hii ninayoizungumzia.

Watu wa pwani hatuna sababu ya kushangazwa na mseto wa namna hiyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, alikuwa akiimba juu ya ala zilizotoka ng'ambo. Baadaye kinanda cha umeme kiliingia kwenye taarabu, na wapo wazee walionuna. Lakini shairi lilibaki shairi. Nyumba ikiezekwa kwa bati badala ya makuti, wenyeji ni walewale.

Jambo lililonikalisha kitako ni kwamba wimbo uliobeba jina la santuri umo humo mara mbili. Mara ya kwanza umeegemea gitaa. Mara ya pili, mwishoni kabisa, Ben Watt ameuvika mdundo wa mashine. Maneno ni yaleyale, mwimbaji ni yuleyule. Kwa mwalimu wa ushairi, hii ni zawadi: ni kama kupewa shairi moja lililoghaniwa katika bahari mbili, ukaulizwa ni lipi limebadilika, shairi au msikilizaji.

Nilitarajia kwamba toleo la gitaa ndilo litakalokuwa huru, na la mashine ndilo litakalofungwa. Niliyoyasikia yalikuwa kinyume. Penye gitaa, mwimbaji anabeba mzigo wa wakati yeye mwenyewe. Akichelewa, wimbo wote unachelewa naye. Penye mashine, kuna kitu kinachohesabu bila kuchoka wala kuhuzunika, na kwa sababu hiyo sauti inapata ruhusa. Inachelewa kidogo nyuma ya mdundo, inakatika, inavuta silabi moja hadi karibu ipasuke, kisha inarudi na kukuta hesabu iko palepale ilipoiacha.

Nikajiuliza: je, si hiyo ndiyo kazi ya mizani kwetu? Mghani mzuri wa utenzi haghani kama anayehesabu nazi. Anavuta, anapumua, anaacha kimya mwishoni mwa kipande, naye anaweza kufanya hivyo kwa kuwa silabi 8 zinamsubiri. Walionifundisha chuo cha ualimu waliniambia mizani ni sheria. Sasa ningependa kusema kwamba mizani ni mtu wa pili chumbani, anayeshika hesabu ili wewe uweze kutetereka. Mwandishi wa shairi huru hana mtu huyo. Hujibebea kila kitu, kama mwimbaji wa toleo la gitaa. Kuna mashairi yanayohitaji upweke huo. Kuna mengine ambayo bila msaidizi hayatamkiki.

Ninasema haya nikiwa na sababu. Mama yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Kwa nusu ya umri wangu nimeandikia watu mashairi ya rambirambi: majirani, walimu wenzangu, hata watu niliowajua kwa majina tu. Ilipofika zamu ya mama, niliandika beti mbili zikagoma hapo. Nilijaribu utenzi, nikajaribu shairi huru, kote nikakuta maneno ambayo nilikwisha kuwapa wengine: pengo, simanzi, kilio, mauti.

Katika santuri hii umo wimbo Pass in Time, wenye zaidi ya dakika 7, ambao Orton aliutungia kifo cha mama yake. Alifiwa na baba akiwa na miaka 11, na mama akiwa na miaka 19. Anauimba pamoja na Terry Callier, mzee wa Chicago ambaye aliwahi kuacha muziki, akaajiriwa chuo kikuu kuandika programu za kompyuta, kabla ya wapenzi wa muziki wa Uingereza kumtafuta tena. Sauti ya Callier inaingia taratibu, pana, kama mjomba anayeketi ukumbini bila kusema pole kwa sauti kubwa. Hamfundishi kulia, wala hamkatazi. Wanarudiarudia pamoja, na katika kurudia huko huzuni inageuka kuwa kitu kinachoweza kubebwa na watu wawili.

Sitadai kwamba kila wimbo umenigusa. Zipo sehemu ambapo mdundo unamkalia mwimbaji kifuani, na kitanzi cha mashine kinazunguka muda mrefu baada ya shairi kukamilika. Sisi nasi tunao ugonjwa huo: ubeti unaoongezwa kwa kuwa vina vilikuwa bado vinapatikana. Lakini hoja kuu imebaki. Wimbo wa msiba hauhitaji maneno makubwa ya msiba. Unahitaji hesabu isiyoyumba, na vitu vidogo vya kweli vilivyowekwa juu yake.

Nilirudi kwenye beti zangu mbili, nikayafuta yale maneno yote ya rambirambi. Nikaacha silabi 16 zishike hesabu, nami nikaandika nilichokiona nyumbani kwake siku za mwanzo, nilipokuwa nikianika vitu vyake juani. Ubeti wa tatu ulikuja hivi:

Kinu kimeshakauka, mchi umelala chini,
Kanga nimezianika, zanukia udi ndani,
Jina lako natamka, lakwama mwangu kooni,
Mama, kumepambauka, nani aitwe jikoni?

Beti nyingine nazitunga polepole, na hizo nitawasomea ndugu zangu kwanza. Kwenu malenga ninaomba jambo moja. Mnapobishana juu ya vina na mizani, tafuteni santuri hii, msikilize matoleo yale mawili kwa kufuatana, kisha mlisome shairi lenu kwa sauti na kujiuliza ni nani anayehesabu. Kama hamna mtu, hakikisheni mna nguvu za kulibeba peke yenu hadi mwisho.