Mshahara wa Mwalimu na Watoto Wetu

Sisi tulioolewa na askari twahama mara kwa mara. Watoto wangu wamesoma Jinja, kisha Mbale, na kote niliwajua walimu kabla ya majirani. Ndiyo maana mgomo wa Juni 2022 uliniuma pande zote mbili. Shule zilikuwa zimefunguliwa Januari mwaka huo huo, baada ya kufungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona. Na sasa watoto wakarudi tena kukaa nyumbani.

Hata hivyo, chama cha walimu wa Uganda, UNATU, kilikuwa na hoja. Serikali ilikubali kumlipa mwalimu wa sayansi mwenye shahada shilingi 4,000,000 kwa mwezi, hali mwalimu wa shule ya msingi hakufikia hata 500,000. Je, huyo mwanasayansi alifundishwa kusoma na nani? Julai walimu walirejea kazini, baada ya viongozi wao kuonana na Rais Museveni, pasipo nyongeza waliyoidai.

Chama hudai pia fedha za shule zenyewe. Tangu elimu ya msingi kwa wote ianze mwaka 1997, chaki na matengenezo hutegemea ruzuku ihesabiwayo kwa kila mtoto. Nayo ikichelewa, mzazi huitwa shuleni kuchangia. (Nimeitwa mara tatu katika muhula mmoja.)

Waume zetu wana Wazalendo SACCO, chama chao cha akiba na mikopo. Walimu nao wana Walimu SACCO. Lakini askari haruhusiwi kugoma. Binti yangu sasa ataka kuwa mwalimu, tena wa historia. Baba yake hajajibu.