Mpiga Kura Asiyekata Shauri na Mimbari Zilizokuwa Tupu



Kila miaka 4, kura za mchujo wa urais zinapokaribia, huulizwa swali lile lile msikitini, kanisani na arusini: "Wewe uko upande gani?" Nikijibu kwamba bado sijakata shauri, wenzangu hudhani ninaficha jambo, au kwamba siasa za nchi hii zimenipita kando. Sivyo. Mdahalo huandaliwa hasa kwa ajili ya mtu kama mimi. Aliyekwisha kuamua huja kumshangilia wake tu.

Sisi wakazi wa Columbia tumo katikati ya Washington na Baltimore, na mwaka 2007 kila mmoja wa miji hiyo ulipata mdahalo wake. Yote miwili ilifanyika katika vyuo vikuu vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, ikaongozwa na Tavis Smiley na kuonyeshwa na televisheni ya PBS. Niliifuatilia yote.

Tarehe 28 Juni, wagombea 8 wa chama cha Democratic walifika wote katika Chuo Kikuu cha Howard. Hillary Clinton alishangiliwa sana alipotamka kwamba, lau UKIMWI ungekuwa unawaua wanawake vijana wa kizungu kama unavyowaua weusi, nchi nzima ingepiga kelele. Joe Biden alipodokeza kwamba yeye na Barack Obama wamekwisha kupima virusi, Obama aliharakisha kufafanua kwamba yeye alipimwa pamoja na mkewe, nchini Kenya. Ukumbi ukacheka. Hata hivyo niliondoka mbele ya televisheni nikiwa sijapiga hatua. Takriban kila mmoja alikubaliana na mwenzake, nami nikakosa cha kuwapambanua.

Mdahalo wa chama cha Republican ulifanyika tarehe 27 Septemba katika Chuo Kikuu cha Morgan State, Baltimore. Walifika 6. Wanne waliokuwa wakitajwa mbele kuliko wote, yaani Rudy Giuliani, John McCain, Mitt Romney na Fred Thompson, hawakufika, na mimbari zao ziliachwa tupu jukwaani. Mike Huckabee alisema wazi kwamba anaona haya kwa ajili ya chama chake. Ron Paul alizishutumu sheria za dawa za kulevya kwa jinsi zinavyowajaza weusi magerezani. Hata Tom Tancredo, ambaye alitaka uhamiaji upunguzwe, hata ule wa halali, alikuja kusimama mbele ya hadhira ambayo hakutarajia kupendwa nayo. Sikuafikiana naye, lakini nilijua barabara ninachokikataa. Kuhusu wale 4 sikujua lolote, ila kwamba walipima faida ya kuja kwetu wakaiona ndogo.

Je, hesabu yao ilikosea? Tarehe 12 Februari 2008 Maryland ilipiga kura, na McCain akamshinda Huckabee. Mimbari tupu haikumdhuru. Mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 Donald Trump hakuhudhuria mdahalo hata mmoja wa mchujo wa chama chake. Akateuliwa, kisha akashinda urais.

Wala hili si la Marekani pekee. Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa urais Nairobi tarehe 11 Februari 2013, wagombea wote 8 wakiwa jukwaani. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakufika, na marehemu Raila Odinga akayajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 Raila naye hakufika, na William Ruto ndiye aliyesimama peke yake. Aliyeachwa jana ndiye aliyemwacha mwenzake leo. Kumbe tabia hii haina chama. Mgombea hukwepa akiamini kwamba wapiga kura hawatamdai.

Na sisi, je, tunaweza kumdai? Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazijalizingatia. Kwa sheria ya Maryland, mchujo wa urais wa Democratic au Republican hupigiwa kura na waliojiandikisha katika chama hicho tu. Raia wapya wengi miongoni mwetu hujiandikisha bila chama, na sababu yake inaeleweka. Tulikotoka, zama za chama kimoja, Tanzania hadi mwaka 1992 na Kenya hadi 1991, kadi ya chama ilikuwa na uzito wake, na wengi wetu tulifunzwa kuiogopa. Hapa jambo hilo ni alama tu katika fomu. Halina ada, na Novemba una uhuru wa kumpigia umtakaye. Lakini mabadiliko hayo lazima yafanywe siku 21 kabla ya uchaguzi. Baada ya hapo, aliyeendelea kupima hubaki mtazamaji.

Mchujo ujao wa urais ni wa mwaka 2028. Mimi nitaendelea kupima hadi usiku wa mwisho, nami sioni aibu kwa hilo. Ila nitachagua mapema ni mchujo wa chama gani nitakaoupigia kura, na mgombea atakayeiacha mimbari yake tupu hataipata kura yangu. Wasomaji mlio raia, tazameni leo kadi zenu za mpiga kura zimeandikwa nini.