Fumbo la Muhogo

Mji wa Babati umekaa chini ya Mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye viboko, mahali ambapo barabara itokayo Arusha hugawanyika, mkono mmoja ukishika njia ya Kondoa na Dodoma, na wa pili ukielekea Singida. Kwa sababu ya njia hizo Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe na Warangi hukutana humo, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha sokoni na barazani. Pwani iko mbali. Hata hivyo nyimbo za pwani hufika, na aghalabu hufika peke yake, zimewaacha nyuma watu waliozijua siri zake.

Miaka michache iliyopita, katika harusi ya nyumba moja ya Kirangi, vipaza sauti vilitoa wimbo uitwao "Muhogo wa Jang'ombe". Wimbo huo ulivuma kwa sauti ya Fatuma binti Baraka, ambaye watu walimwita Bi Kidude, naye alifariki dunia mwezi wa Aprili mwaka 2013. Jang'ombe ni mtaa wa mjini Unguja. Kwa nje wimbo wataja mambo ya jikoni, muhogo na mwiko. Kisha huazima methali ya kale inayomkanya mtu asiwadharau wakunga maadamu siku zake za kuzaa hazijakoma. Ulipofika hapo dada wa bwana arusi aliinuka, na noti ya shilingi elfu kumi mkononi. Mwimbaji wa kutunzwa hakuwapo. Mwanamke yule akacheza polepole mpaka mbele ya mke wa kaka yake mkubwa, aliyekuwa na miaka tisa ya ndoa pasipo mtoto, akaipunga noti mbele ya uso wake, kisha akaenda kuiweka juu ya kipaza sauti. Vigelegele vikapigwa. Mke yule hakusema neno. Alfajiri alipanda basi la Kondoa akarudi kwa wazazi wake.

Asiyejua desturi ya taarabu atauliza, kosa li wapi? Noti imetolewa, wimbo umechezwa, jina la mtu halikutajwa. Lakini katika taarabu mwenye kutunza huuazima ulimi wa mwimbaji. Ubeti uliotungwa na mtu mwingine, kwa sababu nyingine, katika mji mwingine, huwa mali yake kwa muda ule anaposimama. Akishitakiwa ana pa kujificha, maana atasema kwamba aliupenda wimbo tu. Na ndivyo wifi alivyojibu. Katika miaka ya 1990, Khadija Kopa na Nasma Khamis walipokuwa wakishindana kwa nyimbo, wasikilizaji wengi walizoea kutafuta katika kila neno aliyekusudiwa, na mazoea hayo yalienea kupita mipaka ya pwani. Si kwamba kila wimbo wa taarabu hujifunika. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuimba nyimbo zipate kutiwa katika santuri, aliimba pia "Kijiti", habari ya mauaji, wala hakumficha mwuaji wala uonevu uliowapata mashahidi. Siti alijua kufumba na kufumbua, kila kimoja kwa wakati wake.

Juma lililofuata baba mdogo wa mume aliwakusanya wazee. Kijana mmoja alisema kuwa muhogo ni muhogo, na watu wa mahindi wasijitie homa kwa ajili yake. Mwalimu mstaafu alimpinga. Alieleza kwamba muhogo wa wimbo ni wa kulika na tena ni wa kutamanika kwa namna nyingine, na kwamba neno mwiko lina maana mbili: ni chombo cha kusongea ugali na ni jambo lililokatazwa, mshairi wa pwani hapotezi neno la namna hiyo bure. Wazee wakacheka, mmoja akainama. Maelezo yalikuwa mazuri, ila hayakumrudisha mtu kutoka Kondoa.

Ndipo bibi mmoja, aliyewazalisha wengi wa waliokuwa barazani, akataka wimbo uwekwe tena. Kijana akauweka kwa simu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Wanangu," akasema, "mmesikia kuzaa, hamkusikia kwamba hakujakoma. Aliyekwisha kufunga uzazi hanihitaji mimi. Onyo hili hupewa mwanamke ambaye mlango wake ungali wazi. Aliyemwimbia mke wetu wimbo huu amemwambia kwamba atazaa."

Kisha akamgeukia wifi. "Mwanangu, ndivyo ulivyotaka kumwambia?"

Kwa upande wa lugha bibi aliwashinda wote. Waliosikia tusi walilichomoa neno moja katika sentensi yake, na neno lililochomolewa hivyo husema lolote ambalo mwenye hasira hutaka liseme. Walakini noti haikuwamo katika wimbo. Vigelegele pia havikuwamo. Mwimbaji hana lawama kwa mahali ambapo mtu ameupeleka wimbo wake, lakini aliyeupeleka hawezi kujitetea kwa usafi wa maneno yake. Bibi alikuwa amemfungulia wifi mlango mpana: neno moja, ndiyo, na kejeli ingegeuka dua. Yamkini alijua kwamba kupita mlango huo ni kusema uwongo mbele ya watu walioyaona macho yake siku ile. Alinyamaza mpaka baraza likavunjika.

Mke alirudi mwezi wa pili yake, kwa miguu ya mumewe na maneno ya wazazi wake. Wifi hakwenda kumpokea. Alimtuma mtoto na doti ya kanga mpya, iliyokunjwa vizuri katika karatasi. Mwanamke akaipokea kwa mikono miwili, akaifunua yote juu ya kitanda, akalisoma jina lake mara mbili kabla ya kumwambia mtoto ahsante.