Mrehani wa Majini

Katika nyumba za ukoo wetu, tangu Unguja hadi Maskati, mrehani haukukosekana uani. Kina bibi waliuchuma ncha zake alasiri, wakazitunga vikuba pamoja na asmini, na mche ule ule ukazidi kushonana. Siri yake ni nyepesi. Kila shina lina ncha inayotawala, na maadamu ncha hiyo ipo, macho yaliyo chini yake hulala. Ikikatwa, macho huamka, na palipokuwa na tawi moja pakawa na mawili.

Elimu hiyo ndiyo tuliyoihamishia katika tangi la kioo la galoni 10, kiasi cha lita 38, lililo sebuleni mwetu Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth. Mimea ya majini yenye mashina husifiwa kwa kukua upesi, lakini katika tangi dogo sifa hiyo ndiyo balaa. Taa ikiwa hafifu, shina hurefuka likitafuta mwanga, vifundo huachana, majani ya chini hupukutika, na kinachobaki ni vijiti vitupu. Dawa yake ni taa yenye nguvu kwa saa 7 au 8 kwa siku, si zaidi, usije mwani ukatamalaki, na mkasi. Maji ya mfereji hapa hutiwa kloramini, nayo haitoki kwa kuachwa ndooni usiku kucha. Sharti yatiwe dawa ya kuivunja.

Tulichagua Bacopa monnieri, mmea mfupi wa majani manene, unaokua polepole na usiochukizwa na maji magumu. Wahindi huuita brahmi na kuutumia katika tiba zao. Pwani ya Texas huota wenyewe. Kila mwezi mama alikata ncha zake, urefu wa vidole vitatu, akazichomeka mchangani kando ya mashina ya awali. Mkasi ulikuwa wake. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuugusa.

Ndani ya kichaka hicho waliishi samaki wa Unguja. Jina lao la kitaalamu ni Nothobranchius guentheri, na kwa asili hawapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani humo. Dume ana mkia mwekundu wenye ukingo mweusi. Maskani yao ni madimbwi ya mvua: kiangazi kikifika dimbwi hukauka, wakubwa hufa wote, na mayai hubaki yamezikwa matopeni yakingoja masika. Kwa sababu hiyo wafugaji huweza kutumiana mayai kwa posta, ndani ya kifuko cha mboji yenye unyevu kidogo. Mama aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa mtoto, wala hajarudi. Kifuko kilipofika alikigeuzageuza mkononi, akacheka: “Hata samaki nao wamehajiri?”

Kisha ikaja Februari 2021. Tarehe 16, katika uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth, baridi ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, na umeme ulikuwa umekwisha kukatika nyumbani kwetu. Tulilivisha tangi mablanketi, nasi tukajivisha yaliyosalia. Siku ya tatu samaki wote walikuwa wamekufa. Mama hakusema neno. Aliwaokota mmoja mmoja kwa kijiko. Majani ya bakopa yalikuwa yameoza, lakini mashina, yalipobonyezwa, yalikuwa magumu bado.

Houston nako giza lilikuwa lile lile. Mama mdogo, anayekaa huko, alikuwa na vipandikizi vyetu katika jagi la kioo, navyo vikanusurika. Ni umbali wa maili 240 hivi kwa gari, ingawa maji yana njia yao: mto Trinity hupita kwetu ukashuka hadi ziwa Livingston, ambako Houston huteka maji yake mengi. Mama mdogo hupenda kulalama kwamba anakunywa tuliyokwisha kuyaogea.

Kifuko cha mayai yaliyotagwa Januari kilikuwa kabatini mwa mama, katikati ya kanga. Aprili tulikimwagia maji baridi katika bakuli jeupe. Kabla ya jua kuchwa, vilionekana viumbe kama vipande vya uzi vyenye macho. Mama alivuta kiti, akakaa navyo hadi isha.

Siku hizi vidole vyake vinatetemeka. Mkasi ninao mimi, naye hukaa kando akiniamuru: chini kidogo, juu ya kifundo, usililie jani.

Jamaa mlioomba vipandikizi, vipo tele. Visitupwe mtoni wala ziwani, vyovyote viwavyo. Mto San Marcos umekwisha kuvamiwa na haigrofila, mmea wa Asia uliopendwa vivyo hivyo katika matangi ya watu. Mlio Houston mwoneni mama mdogo. Mlio huku njooni kwetu, ila kila mtu aje na chupa yake.