Kundi Dogo Juu ya Cho Oyu

Mambo makubwa ya ulimwengu hudhaniwa kuwa ni kazi ya watu wengi na mali nyingi. Katika safari za Himalaya dhana hii ilishika mizizi, wala haikukosa sababu. Mwaka 1953, Waingereza walipokwenda Everest, wapagazi zaidi ya 350 waliwachukulia vyakula na vyombo vyao kutoka bonde la Kathmandu. Lilikuwa jeshi, na kiongozi wake alikuwa askari kweli. Mwaka uliofuata Waaustria 3, pamoja na Masherpa wachache, waliuendea mlima wa Cho Oyu, ulio mpakani mwa Nepali na Tibeti. Kimo chake ni mita 8,188, na kwa urefu ni wa 6 duniani. Habari ya safari yao nimeisoma mara nyingi kuliko habari ya Everest, na kila niisomapo kinachonivuta si kilele bali ni mikono ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Herbert Tichy. Alisomea elimu ya miamba, akawa mwandishi na msafiri. Sifa ya ukwezi wa milima hakuwa nayo nyingi. Wenzake walikuwa Sepp Jöchler, aliyewahi kuupanda uso wa kaskazini wa Eiger mwaka 1952, na Helmut Heuberger, mwanajiografia. Lakini fikira ya Cho Oyu haikuzaliwa Ulaya. Mwaka 1953 Bwana Tichy alitembea kwa miguu magharibi ya Nepali pamoja na Masherpa, na mmoja wao, Pasang Dawa Lama, ndiye aliyemtia moyoni neno la mlima huo.

Pasang alikuwa na deni na milima mirefu. Mwaka 1939 alikuwa na Fritz Wiessner juu ya K2, mahali ambapo hazikubaki mita 300 kufika kileleni. Jua lilikuwa likizama, na Pasang alikataa kuendelea usiku. Wakarudi. Wako waliomlaumu kwa kuogopa mizimu ya mlima; mimi simlaumu. Katika safari ile ile watu 4 walikufa, na mwoga hakuwa mmoja wao.

Mwanzoni Cho Oyu ilikuwa pole. Kikosi cha Eric Shipton kilikuwa kimezuiwa na ukuta wa barafu mwaka 1952; Pasang na wenzake waliukata ngazi, wakaupita. Kisha, mwanzoni mwa Oktoba, katika kambi yao ya 4, yapata mita 7,000, dhoruba iliyafumania mahema. Bwana Tichy alitoka nje bila ya glovu. Upepo ulipotaka kulichukua hema alijitupa juu yake, akaitumbukiza mikono mitupu thelujini ili alizuie. Hema lilisalimika; mikono ikaganda. Masherpa waliisugua na kumteremsha, na tangu saa ile kiongozi wa safari hakuweza kujifunga viatu.

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Bwana Tichy alikuwa navyo kumi, wala hakikuwapo cha kuvunja. Katika jeshi kama la Everest jambo hili lina dawa nyepesi: aliyeumia hurudishwa chini, mwingine huchukua nafasi yake, na safari haisimami hata kwa siku moja. Watu wapendao makundi madogo huyasifu kwa sababu ya uhuru wake, kwamba hayana amri nyingi wala mizigo mingi. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Katika kundi dogo hakuna wa kuziba pengo. Mtu mmoja akiumia, kila aliyesalia huumia kwa sehemu yake: huyu atamfunga kamba, yule atamvika viatu. Uhuru unaosifiwa hulipwa kwa sarafu ya utegemezi, na sarafu hiyo ni nzito kwa mtu aliyezoea kuongoza.

Katika siku hizo za msiba walitokea Waswisi, miongoni mwao Raymond Lambert na Mfaransa Claude Kogan, wakiutaka mlima ule ule. Pasang hakuwapo. Alikuwa ameshuka Namche kutafuta vyakula na mafuta ya jiko, kazi ya sokoni isiyoandikiwa tenzi. Alipopata habari ya wageni alipanda mbio, mzigo mgongoni, akapita Nangpa La yenye mita 5,716, akawafikia wenzake. Hakupumzika. Kutoka bondeni, chini ya njia ile, hata kileleni, alitumia siku 3. Mwili wa binadamu haukuumbwa kwa hesabu hiyo, na waganga wa siku hizi wangemkataza.

Tarehe 19 Oktoba 1954, alasiri, watu 3 walisimama juu ya Cho Oyu bila ya hewa ya chupa: Pasang, Jöchler, na Bwana Tichy mwenye mikono isiyofaa kitu. Heuberger hakupanda nao siku ile. Hapa ndipo akili yangu hugoma kila mara. Kwa hesabu ya mizani, mahali kwenye kamba palistahili mwenye mikono mizima, na mgonjwa alipaswa kungoja chini. Laiti mguu ungeteleza, asingeweza kumshika mwenzake, naye angeshikwa na nani? Nimelipima jambo hili kwa namna nyingi, na sioni kwamba lilikuwa la busara. Naona tu kwamba Pasang na Jöchler walijua walichokichukua, na walikichukua. Asiyeweza kufunga kamba yake mwenyewe alifungiwa na wengine katika baridi iliyoweza kuvila na vidole vyao. Kitendo hicho nakitukuza kuliko kilele.

Waswisi walijaribu baada yao, na tarehe 28 Oktoba Lambert na Kogan walirudishwa na upepo karibu na mita 7,700. Bibi Kogan aliurudia mlima huo mwaka 1959 akiongoza kundi la wanawake. Theluji ilimzika huko.

Pasang alikuwa na shauri jingine. Kabla ya kupanda, kama Bwana Tichy anavyosimulia, aliwekeana sharti na baba wa msichana aliyemtaka: akifika kileleni ampate bila ya mahari, akishindwa alipe fedha. Waliposhuka palikuwa na harusi, na pombe ya nafaka ilinywewa kwa siku kadha. Mwaka 1958 alirudi Cho Oyu pamoja na kikosi cha Wahindi, akafika juu mara ya pili. Njia aliijua.