Biskuti Zilizogeuza Njia

Baba alifanya kazi Mombasa, na kila mwisho wa mwezi tulimsubiri kituoni mpaka vumbi la basi litulie. Mkobani mwake hamkukosa paketi moja ya biskuti. Tukifika nyumbani Nzaui, Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, alizipanga kwenye sahani ya bati, akazihesabu, kisha akazivunja nusu nusu. Tulikuwa watoto saba, na majirani walikuwa wameshamwona baba akipita.

Nusu yangu niliilamba kwanza pande zote ili ikae. Moyoni niliamini kwamba kitu kitamu hutoka mjini, nasi wa kijijini kazi yetu ni kukipokea.

Mwaka 1984 mvua ilikosekana. Wakamba wakaiita njaa ile Nikwa Ngwete, yaani nafa ilhali nimeshika: fedha unazo mkononi, chakula cha kununua hakipo. Baba alikuja na mshahara wake, akaenda dukani, akarudi nao. Tulikula mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Susu, nyanya yetu, ndiye aliyekuwa bado na mtama kidogo ghalani, maana mtama huvumilia ukame uliokausha mahindi. Hata hivyo, mvua iliporudi sote tulikimbilia mahindi tena. Mtama tuliuona chakula cha wazee na cha shida.

Maembe nayo tuliyatazama hivyo hivyo. Kuanzia Desemba yalianguka usiku kucha. Asubuhi tuliyazoa kwa karai tukawapa mbuzi. Madalali walinunua kwa bei waliyoitaka wao, kwa kuwa walijua embe lililoiva halingoji. Kisha, mwaka 2003, aina mpya ya nzi wa matunda kutoka Asia ikagunduliwa nchini Kenya. Ukipasua embe zuri la manjano, ndani unakuta funza. Mwaitu alisimama chini ya miembe yake akasema tuikate, tuchome makaa.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Kitui, nafundisha shule ya msingi. Oti nilikuwa nimeijua chuoni kama uji wa asubuhi, na wenzangu walinifundisha kuitumia kuoka biskuti. Siku moja unga wa ngano uliniishia, nikachukua wa mtama uliokuwa umeletwa na mama mkwe. Zilipoiva zikavunjikavunjika mkononi, kwa kuwa mtama hauna ule mnato wa ngano. Lakini ladha yake! Niliokota makombo yote siniani nikiwaza ghala la Susu.

Nilijaribu tena hadi nikapata kipimo: vikombe viwili vya oti, kimoja cha mtama, kimoja cha ngano, margarini, na asali ya Mwingi badala ya sukari. Sina tanuri. Natandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, naiinjika juu ya jiko la makaa, naweka sinia ndani, nafunika, na juu ya kifuniko napanga makaa mengine. Kila donge nalibonyeza katikati kwa kidole gumba, na kile kishimo nakijaza jamu.

Jamu ni ya maembe ya Mwaitu, ambayo miti yake nilimsihi asiikate. Namenya, nachemsha na sukari na maji ya ndimu, nakoroga bila kuondoka. Kujua kama imeiva, nadondosha kidogo kwenye sahani baridi na kupitisha kidole: njia ikibaki wazi, naipua. Zamani maembe yalinifikia yamepondeka. Tangu barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui iwekwe lami, yanafika mazima.

Sikuwa peke yangu katika kuyafikiria. Mwaka 2017 kiwanda cha matunda cha Kaunti ya Makueni kilianza kusaga maembe huko Kalamba. Kiwanda ni jambo kubwa, nami nakiombea heri. Lakini sufuria ya nyumbani haihitaji kungoja lori.

Desemba iliyopita nilijaza bati biskuti arobaini, nikalituma kwa basi kwenda Mombasa kwa mdogo wangu, anayefanya kazi katika mji ule ule aliofanyia baba. Jioni akanipigia simu. Watoto wake walikuwa wamezivunja nusu nusu na kuwapelekea majirani wa ghorofa ya juu. Nilimpa Mwaitu simu asikie mwenyewe. Akanyamaza, kisha akauliza kama zilitosha.

Msimu wa maembe ukianza, ndugu yangu wa Kitui na Makueni, kabla hujamwita dalali toa kilo mbili zako. Chota na unga wa mtama. Oka, kisha mpelekee jirani zikiwa bado moto.