Maktaba iko chini ya kilima

Mwenye kujua Bukavu anajua vilima vyetu. Kutoka Kadutu kwenda maktaba kule Ibanda ni mteremko tu. Ziwa Kivu unaliona mbele. Kurudi ndiyo kazi: mtoto mgongoni, makala na sombe mikononi, na kichwani zile kurasa tano ulizosoma.

Kazi yangu ya mwisho wa masomo ilikuwa juu ya wanafunzi wanaochelewa. Sombe ikichemka (na sombe haina haraka), nilihesabu madaftari ya mahudhurio kando ya mbabula. Wengi waliochelewa walikuwa wasichana. Asubuhi wako kwenye bomba na bidoni za lita 20.

Sasa mimi nikishuka maktaba, maji ya nyumbani atachota nani? Binti, ili naye achelewe? Tuliweka zamu: siku ya kwanza kijana, siku ya pili binti, siku ya posho baba yao. Majirani walicheka sana kuona mwanaume anapanda kilima na bidoni.

Kazi niliitetea. Juma lililopita jirani mmoja, wa wale waliocheka, amekuja kuomba nimwandikie ile orodha ya zamu. Ameandikishwa mwaka wa kwanza.